Gari Linachemsha na Maji Yamejaa: Hewa Imeingilia Wapi?

Toyota Noah ile ya zamani, yenye injini chini ya viti vya mbele, ililetwa kwangu ikiwa imeshabadilishwa themostati tatu (vali inayoachia maji yapite kwenye rejeta yakipata moto) na wota pampu moja. Mwenyewe alikuwa anatembea na dumu la maji nyuma kama mtu anayekwenda shamba. Kila fundi aliyempitia alitoa hewa kwenye mfumo wa maji, gari likatulia siku mbili tatu, kisha mshale wa joto ukaanza tena kupanda na kushuka. Nami sikuwazidi ujanja. Nilitoa hewa, nikamkabidhi gari Ijumaa, na Jumatatu asubuhi nikamwona getini.

Safari ya pili niliiacha rejeta nikafuata kimpira chembamba kinachotoka kwenye shingo yake kwenda kwenye tangi la akiba. Chini ya klipu kilikuwa na ufa wa upana wa ukucha. Hakikudondosha hata tone, na ndiyo sababu hakuna aliyekitilia shaka. Lakini kila usiku injini ikipoa, rejeta ilikuwa inavuta, na badala ya kuvuta maji ya tangini ikavuta hewa kupitia ufa ule. Kipande kipya cha mpira kilikuwa cha bei ya soda.

Kwa hiyo nikiletewa gari lenye hewa kwenye maji, kuitoa nakuweka mwisho. Kwanza naitafuta njia iliyopitia. Hewa haizaliwi ndani ya injini. Ama imeachwa wakati wa kujaza maji, ama imevutwa gari likipoa, ama inasukumwa na moto wa silinda kupitia gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Njia ni hizo tatu, na kila moja ina dalili zake.

Kabla hujagusa kitu

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto. Umeshasikia mara nyingi, ila jua na sababu. Maji yaliyobanwa hubaki maji hata yakifika nyuzi 110. Ukifungua, mbano unaondoka ghafla na sehemu ya maji yale inageuka mvuke papo hapo, inatoka na mengine yote usoni kwako. Minya mpira wa juu kwa kitambaa. Ukiwa mgumu, kaa chini usubiri. Ukiweza kuweka kiganja juu ya rejeta ukakiacha hapo bila kushtuka, endelea.

Na kama gari limekuchemshia barabarani hadi maji yakaisha, usimwage maji baridi ndani ya injini inayowaka moto. Hedi za siku hizi ni za alumini, hupinda kirahisi. Gari nyingi zilizoletwa kwangu hedi imepinda, kilichoimaliza ni haraka ya mtu na dumu lake baada ya kuchemsha.

Rejeta imekaaje, na kwa nini hewa inang'ang'ania

Rejeta za zamani zilikuwa ndefu za kusimama: tangi juu, tangi chini, na maji yanashuka kwenye vijibomba vya katikati. Mfuniko ulikaa kwenye tangi la juu, na tangi hilo ndilo lililokuwa mahali pa juu kuliko pote kwenye mfumo. Hewa ilipanda yenyewe mpaka mlangoni. Ulijaza, ukawasha, ukaongeza, umemaliza.

Baadaye boneti zikateremshwa. Gari nyingi za sasa zina rejeta fupi na pana, nyingine matangi yake yako ubavuni na maji yanakwenda kwa ulalo. Mdomo wa kujazia sasa unaweza kuwa chini kuliko nyumba ya themostati, au chini kuliko mipira inayokwenda kwenye rejeta ndogo ya hita nyuma ya dashibodi. Hewa hukimbilia juu, na pale juu hakuna mlango. Inakaa hapo. Wota pampu haiwezi kuisukuma, maana pampu ile hurusha maji kwa kuyazungusha, na ikipata povu inazunguka bure.

Vyuma navyo vimebadilika. Za shaba zilichomelewa kwa risasi, na fundi rejeta angeweza kuifungua, kuzibua vijibomba na kuifunga tena ikaenda miaka. Za sasa ni alumini katikati na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya bati juu ya mpira. Plastiki ile ikizeeka hugeuka kahawia, na ufa huanza pale mpira wa juu unapochomekwa. Ukiona tangi limekuwa na rangi ya chai kavu, usiligonge. Tafuta rejeta nyingine mapema.

Mfuniko: kitu kidogo kinachodharauliwa

Mfuniko una vali mbili. Kubwa hubana maji, kwa gari nyingi za Kijapani kati ya bar (kipimo cha mbano) 0.9 na 1.1, namba imeandikwa juu yake. Maji yakipanuka kuzidi hapo, yanaisukuma na kwenda kwenye tangi la akiba. Ndogo, ile ya katikati, hufunguka injini ikipoa ili maji yarudi. Vali zote mbili zikifanya kazi, gari linapumua kila siku bila wewe kujua.

Huku kwetu mbano huo una uzito zaidi kwa watu wa nyanda za juu. Dar es Salaam maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi au Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye 94 hivi. Sasa fikiria mfuniko umechoka, haubani kitu. Feni ya umeme ya gari nyingi huwaka kati ya nyuzi 90 na 100. Kwa hiyo maji yanaweza kuanza kuchemka hata kabla feni haijazunguka! Mfuniko mzima wa bar 1.1 unasogeza kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 120 hata huko milimani. Ndiyo maana gari lililotulia Dar linafika Iringa linatoa mvuke, na fundi wa Iringa analaumu wota pampu.

Kuukagua ni rahisi. Tazama mpira wa chini: ukiwa umekakamaa, una mikwaruzo au umeliwa upande mmoja, nunua mwingine wenye namba ileile. Vuta kile kisahani cha katikati kwa kucha. Kinapaswa kuvutika na kurudi chenyewe. Usiweke wa bar kubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua mipira.

Linachemsha kwenye foleni, barabarani linatulia

Hapa mara nyingi sina habari na hewa. Gari likienda, upepo wa barabara unapoza rejeta. Likisimama, feni peke yake ndiyo inayofanya kazi hiyo. Washa kiyoyozi, feni izunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei, plagi ya waya, kisha mota yenyewe. Kwenye Hilux na Land Cruiser zenye feni ya mkanda kuna klachi ya mafuta mazito katikati. Injini ikiwa moto na umeizima, jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka mizunguko kadhaa kama pangaboi, imekufa.

Angalia pia kama kava la plastiki linalozunguka feni bado lipo. Watu huliacha gereji kwa sababu linawapa tabu kulifunga. Bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni, ile iliyo karibu nayo, na sehemu kubwa ya rejeta inabaki bila upepo.

Linachemsha mlimani na kwenye mwendo, mjini halina neno

Hii ni dalili ya maji yasiyopita vya kutosha, na mlima kama Kitonga ndio unaoitoa mafichoni. Injini inapopanda na mzigo inatoa joto jingi, na rejeta iliyoziba nusu haina pa kulipeleka. Kama una kipimajoto cha bunduki, piga mraba kwa mraba usoni mwa rejeta injini ikiwa moto. Joto lishuke taratibu kufuata njia ya maji. Ukikuta kiraka cha baridi katikati, vijibomba vya pale vimekufa. Huna bunduki? Zima injini, toa ufunguo ili feni isikushtukize, pitisha kiganja karibu.

Kinachoziba ni maji tunayotia. Maji ya kisima, hasa ya mwambao, yana chumvi, na kila yakipata moto yanaacha ukoko kama ule wa birika. Nje nako kuna kuziba: kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi hukusanyika vumbi, majani na mbawa za kumbikumbi. Ukitazama kwa mbele huoni kitu. Mwagia maji kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo, maana mapezi yale hulala kama nyasi.

Kisha mpe mtu apige resi huku unatazama mpira wa chini. Ukinyonywa na kubanana resi ikipanda, pampu inavuta kuliko rejeta inavyoweza kutoa, au mpira wenyewe umelainika.

Mshale unacheza, na hita inatoa baridi

Sasa tumefika kwenye hewa yenyewe. Dalili hizi zikija pamoja sihangaiki sana: mshale unapanda ghafla kisha unashuka ghafla, nyuma ya dashibodi unasikia mchirizi kama kijito, na hita ukiifungua hadi mwisho inatoa baridi injini ikiwa sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta), ukipiga resi inatoa moto, ukiachia inarudi baridi. Rejeta ya hita imekaa juu, imejaa hewa, na maji yanaifikia pampu ikiongezewa nguvu tu.

Huku pwani watu hawagusi hita maisha yao yote, kwa hiyo dalili hii wanaikosa. Hita ni kipimo cha bure. Ijaribu kabla ya kulipa mtu yeyote.

Jambo moja la hatari: mshale unaweza kukudanganya ukiwa chini. Sensa inasoma joto la maji yanayoigusa. Hewa ikiizunguka, inasoma kidogo huku hedi inaungua. Mshale ukianguka ghafla ukiwa unapanda mlima, paki.

Asubuhi mpira wa juu umebonyea, umelala

Vali ndogo ya mfuniko imeganda, au kimpira cha tangi la akiba kimeziba. Injini imepoa, maji yamesinyaa, hakuna cha kuingia, mpira umenyonywa. Utaona pia tangi la akiba linajaa siku hadi siku huku rejeta inapungua. Maji yanakwenda, hayarudi. Mara nyingine kimpira ndani ya tangi kimekatika hakifiki chini ya maji. Hapo kinachorudi ni hewa. Sogeza, kata, badilisha, ni kazi ya dakika kumi.

Mipira inakuwa migumu injini bado ya baridi

Hapa ningependa nikosee. Washa gari asubuhi, mfuniko umefungwa. Minya mpira wa juu baada ya nusu dakika. Maji bado baridi, hakuna sababu ya mbano. Ukiwa tayari ni mgumu kama tairi, moto wa silinda unaingia kwenye maji: gasketi ya hedi imeachia, au hedi ina ufa. Ukifungua mfuniko injini ikiwa baridi kisha ukaiwasha, utaona mapovu yanayotoka bila kukoma, kwa mpigo.

Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Kikinusa moshi wa petroli hugeuka njano. Ukikipata kwa fundi, mlipe, ni nafuu kuliko kufungua hedi kwa kubahatisha. Moshi mweupe usiokoma kwenye ekzosi na mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi zaidi, ingawa utando mweupe chini ya mfuniko wa mafuta peke yake unaweza kuwa unyevu wa safari fupi fupi.

Gari la namna hii unaweza kulitoa hewa kila siku na kila siku ikarudi. Wenye Subaru za injini ya EJ25, inayojulikana kwa gasketi ya hedi kuachia, wanajua ninachosema.

Maji yakiwa na rangi ya waridi yenye utelezi, kama maziwa ya strawberi, hilo ni jingine. Kwenye gari nyingi za otomatiki mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi la rejeta. Kibomba cha ndani kikitoboka, mafuta na maji vinachanganyika. Usiendeshe hata kilomita moja kurudi nyumbani, maji yanaua giaboksi.

Kutoa hewa

Umeshapata njia na umeiziba. Sasa paki gari baridi, pua ikitazama mlimani, au inua mbele kwa jeki na stendi, mradi mdomo wa rejeta uwe juu iwezekanavyo. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Kwenye gari zenye bomba la hita linalofungwa kwa vali, usipofanya hivyo hewa ya mle ndani haitoki abadani.

Tafuta skrubu ya kutolea hewa. Baadhi ya Subaru zina ya plastiki juu kwenye kona ya rejeta. Gari nyingi za Ulaya zina moja kwenye mpira wa juu au karibu na tangi. Nyingine hazina kabisa. Ifungue taratibu, maana plastiki iliyozeeka hukatika na ukabaki nayo mkononi. Jaza polepole, kwa mkondo mwembamba. Ukimwaga kwa pupa unaifungia hewa ndani wewe mwenyewe. Yakianza kutoka kwenye skrubu maji matupu bila povu, funga.

Kisha faneli. Ipo maalumu ya kufunga mdomoni mwa rejeta, lakini nimetumia sana chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, imezungushiwa mpira wa tyubu shingoni. Kazi yake ni kuufanya uso wa maji uwe juu kuliko hita. Ijaze nusu, washa injini, iache sailensa. Minya mpira wa juu na wa chini kwa zamu kama unayekamua ng'ombe, mikono na nguo mbali na feni na mkanda. Mapovu yatapanda kwenye chupa.

Dakika kumi au kumi na tano hivi themostati itafunguka. Nyingi huanza kati ya nyuzi 76 na 88. Utajua kwa sababu maji kwenye chupa yatashuka ghafla na mpira uliokuwa baridi utapata moto. Ongeza. Sasa piga resi ya mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, ishike nusu dakika, achia, rudia. Hita sasa itoe moto hata kwenye sailensa. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, zima injini, acha ipoe, toa chupa, funga mfuniko, jaza tangi la akiba hadi alama.

Ukifunga themostati mpya, itazame. Nyingi zina kitundu chenye kipini kinachocheza. Kile ni kwa ajili ya hewa, na kinakaa juu. Ukikiweka chini, hewa inakwama nyuma ya themostati, haifunguki kwa wakati, na utaambiwa umeuziwa feki.

Kuhusu kuing'oa themostati kabisa, kama tulivyozoea: injini inabaki baridi, kompyuta inadhani bado asubuhi, petroli inakwenda. Na kwenye injini ambazo themostati ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato, ukiitoa njia ile inabaki wazi, maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Umetibu kuchemsha kwa kuongeza kuchemsha.

Zenye ukaidi

Noah za zamani na Hiace: mipira mirefu, na nyingi zina hita ya nyuma. Fungua hita zote mbili. BMW E90 yenye pampu ya umeme haihitaji hata injini kuwaka: washa swichi, hita moto wa mwisho na feni yake taratibu, kanyaga mafuta hadi chini kwa sekunde 10, pampu itazunguka yenyewe kama dakika 12. Weka chaja kwenye betri kwanza. Prius na haibridi wenzake wana mzunguko wa pili wa maji kwa ajili ya inveta (kifaa cha umeme wa mota), wenye tangi lake. Kutoa hewa kwenye injini hakugusi huko.

Na unachojaza kiwe kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kama ya betri, ama ile iliyokuja tayari. Maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, hilo ni kweli na watu hulitumia kubisha. Lakini maji matupu yanakula alumini, na yanachemka mapema. Usichanganye kulanti za rangi tofauti kwa kuotea.

Mwisho bandika kipande cha selotepu kwenye tangi la akiba, chora mstari asubuhi gari likiwa baridi, kabla ya kuwasha. Angalia asubuhi tatu mfululizo. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni hewa iliyobaki ikitoka, ongeza. Ikishuka siku ya tatu, rudi kutafuta njia.

Mwenye Noah yake hajarudi kwa tatizo hilo. Dumu bado analibeba, nilipomuuliza akasema sasa ni la kunawia mikono.